Naomba ushauri: kunakili "The Hay Wain" ili kujifunza rangi za mafuta

Mpenda_Mandhari:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimezoea rangi za maji, na sasa nimeamua kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili "The Hay Wain", mchoro ambao John Constable aliukamilisha mwaka 1821 na ambao umehifadhiwa National Gallery, London. Kwa wasioufahamu, unaonesha mkokoteni wa mbao unaovutwa na farasi ndani ya maji ya kina kifupi ya mto Stour, mashariki mwa Uingereza, nyumba ikiwa kushoto, malisho kulia na mawingu mazito juu. Ninakwama kwenye miti na maji: kijani chote kinafanana, cha karibu na cha mbali, na mto unaonekana umesimama wima. Turubai yangu ni ya sentimita 50 kwa 70. Je, nianzie wapi, na ni lazima ninakili mchoro wote?

Brashi_Pana:
Mkuu, kwa vipimo una bahati. Mchoro halisi una takriban sentimita 130 kwa 185, kwa hiyo uwiano wa turubai yako unakaribiana nao. Usianze juu ya weupe mtupu. Constable alipenda msingi wa kahawia yenye wekundu, na katika michoro yake ya awali msingi huo huchungulia kati ya majani. Paka kahawia nyepesi, iache ikauke, kisha jenga mandhari yote kwa kahawia na nyeupe pekee, ukitafuta mwanga na kivuli tu. Nadhani kijani chako kinafanana kwa sababu chote kina mwanga wa kiwango kimoja, wala si kwa sababu umekosa aina za kijani. Ukifika kwenye rangi, changanya buluu na njano ya udongo. Miti ya mbali iongezee nyeupe na buluu kidogo, ya karibu iongezee kahawia. Tazama pia wekundu kwenye matandiko ya farasi: ni madoa machache mno, lakini ndiyo yanayofanya kijani cha jirani kionekane kibichi.

Mkaa_na_Karatasi:
Kuhusu kunakili wote, mimi nasema hapana. Constable mwenyewe, kabla ya kazi ya mwisho, alichora rasimu ya mafuta yenye ukubwa uleule, ambayo sasa iko Victoria and Albert Museum, ili atatue matatizo huko kwanza. Nawe chukua kipande cha maji chini ya mkokoteni, ukichore hadi kikubali. Vivuli vya vitu majini vivute kwa brashi kutoka juu kwenda chini, wima kabisa, kitu cheusi kikipauka kidogo na cheupe kikififia kidogo. Kisha, rangi ikiwa bado mbichi, pitisha mistari michache myembamba ya mlalo. Mistari hiyo ndiyo inayoulaza mto. Wengi huiweka mingi mno, na maji yakageuka mkeka.

Mpenda_Mandhari:
Nashukuruni sana, nitaanza na kipande hicho. Ila nachora katika chumba ninacholala, na harufu ya tapentaini ni kali. Aidha, nisubiri muda gani kati ya safu na safu?

Brashi_Pana:
Tapentaini unaweza kuiacha. Safu ya kwanza isugue nyembamba, rangi ikiwa kama ilivyotoka kwenye tyubu, na brashi uzifute kwa mafuta kisha uzioshe kwa sabuni. Rangi hii haikauki kwa maji kupotea hewani, bali mafuta hushikana na oksijeni polepole, na ndiyo maana safu ya juu lazima iwe na mafuta mengi kuliko ya chini, la sivyo itapasuka. Subiri hadi isinate kidoleni, yaani siku kadhaa, ingawa kahawia ya udongo huwahi. Vanishi iache kwa miezi 6 hivi. Na kwa kuwa unalala humo humo, matambara yenye mafuta ya mbegu za kitani usiyarundike pembeni, kwani hupata joto yenyewe hadi kuwaka moto. Yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, na kopo likae nje.