Gemu ya kugusa kidole kimoja imenishika, na mpira wa kikapu hata siujui

KinyoziKondele

Wadau, habari za jioni. Nina swali ambalo mke wangu ameshanikataza kumuuliza tena, kwa hivyo nimelileta huku.

Nina kinyozi hapa Kondele, Kisumu, viti viwili na kioo chenye ufa. Wiki tatu zilizopita stima ilipotea saa nne asubuhi, ikarudi saa kumi na moja jioni. Bila stima mimi si kinyozi, ni mtu tu aliyeketi karibu na kioo. Ile mashine yangu isiyo na waya iliisha chaji nikiwa katikati ya kichwa cha mtoto wa jirani. Nikamalizia kwa mkasi, na mama yake hajanisamehe mpaka leo. Sasa huyo mtoto, akingoja kuona kama stima itarudi, ndiye aliyeniwekea hii gemu kwenye simu.

Yenyewe haina maneno. Mpira wa rangi ya machungwa unadondoka. Ukigusa kioo cha simu, popote, unaruka kidogo juu na mbele. Mbele kuna ringi. Ukiingiza, ringi inahamia upande wa pili na mpira unageuka kuifuata. Juu kuna kamstari ka muda, na kadiri unavyoingiza ndivyo kanavyoisha upesi. Basi. Hakuna mchezaji, hakuna jezi, hakuna mtangazaji wa kupiga kelele.

Kwenye simu hiyo hiyo nina gemu ya kandanda iliyonimalizia karibu gigi mbili za bando. Ina nyasi, ina mvua, ina refa. Nimeicheza mara nne. Hii ya kitoto nimeicheza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Rekodi yangu ni 64. Juzi mteja alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, nikamwambia, "Ngoja kidogo spiriti ikauke." Akaniuliza, "Spiriti gani?" Sikuwa nimempaka. Nilikuwa 58.

Na mpira wa kikapu siujui kabisa. Shule yetu ya msingi kule Seme ilikuwa na magoli ya miti ya mkaratusi na uwanja unaoteremka. Ringi ya kweli niliiona nikishaota ndevu. Sasa ni nini hasa kinachonishika hapa?

BodaMamboleo

Omera, ndugu yangu, hauko peke yako. Sisi hapa stage tunaicheza watu sita na tumeandika rekodi kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda cha chai. Yangu 71, pole.

Jibu langu ni fupi kwa sababu nina abiria. Gemu ya kandanda ina dakika zake, ukiiacha katikati umeshafungwa. Hii mtu akiita "boda!" naitupa mfukoni, nampeleka Kibos, narudi. Nimepoteza nini? Raundi yenyewe haifiki hata dakika.

Mwalimu_Fizikia_Luanda

Kinyozi, wenzako watakwambia ni urahisi. Mimi nakataa. Kurusha jiwe ziwani pia ni rahisi na hujamchelewesha mteja kwa ajili ya mawe.

Chukua kikombe. Kitazame kutoka juu kabisa: mdomo ni duara. Sasa kiinamishe polepole. Duara linakuwa yai, yai linabonyea, mwisho unaona mstari tu. Hivyo ndivyo mpira unavyoiona ringi. Ringi ya kweli ina upana wa sentimita 45 kwa ndani, na mpira wa wanaume una kipenyo cha kama sentimita 24. Ukishuka wima, una nafasi tele. Ukija kwa pembe ya nyuzi 30, ule upana unapungua hadi nusu, sentimita 22 na nusu. Mpira ni mnene kuliko mlango! Hauwezi kuingia bila kugonga chuma.

Gemu yako inafuata mambo hayo hayo, ila haikufundishi kwa ubao. Ukigusa kwa pupa, mpira unakwenda mbele ukiwa chini na unapiga ukingo. Ukigusa mapema ukaupandisha, kisha ukatoa mkono na kuuacha uanguke wenyewe, unaingia bila kugusa kitu. Sehemu ngumu ni ile ya *kutogusa*. Mtu wa 64 ameshaijua kwenye kidole hata kama hawezi kuieleza. Nimewahi kuwapa vijana wa kidato cha tatu gemu ya aina hii kabla ya somo la mwendo wa kitu kilichorushwa. Siku hiyo hakuna aliyelala, na kipindi kilikuwa cha baada ya chakula.

NyarNam

Mwalimu amesema vizuri, lakini ngoja niwaharibie raha kidogo. Mimi naandika programu hapa Kisumu, na mradi wangu wa diploma ulikuwa gemu kama hii. Nimeona matumbo yake.

Kwanza, ringi inaweza kuwa ya uongo. Mimi ile yangu niliifanya pana kuliko ilivyochorwa. Nilipoiweka sawasawa na picha, wenzangu wote walisema gemu inawaonea. Nikaipanua kimyakimya bila kugusa mchoro, wakasema sasa wamezoea.

Pili, mguso. Hausukumi mpira kwa nguvu inayojumlishwa. Kila ukigusa, kasi ya kupanda inafutwa na kuwekwa upya kwa kiwango kile kile. Ndiyo maana ukigusa mara mbili haraka mpira haurushwi mbinguni. Kidole kinajua daima kitapata nini. Nilipojaribu ile njia ya kujumlisha, hakuna aliyefika kumi.

Tatu, na hii ndiyo inayokufanya usahau spiriti: kati ya kushindwa na kuanza upya, yangu ilikuwa na nusu sekunde. Mwanzo niliweka ukurasa mzuri wa kuonyesha alama, na nyota, na maneno ya kumpa mtu moyo. Watu waliufikia huo ukurasa wakaweka simu chini. Nilipouondoa, rafiki yangu mmoja alishushwa kituo kimoja mbele ya chake, matatu ya Kondele, kwa sababu ya gemu *yangu*. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja.

Wakubwa kwa wadogo mnakumbuka Flappy Bird, yule ndege wa mabomba? Aliyeitengeneza, Dong Nguyen wa Vietnam, aliitoa 2013, na Februari 2014 ikiwa juu kabisa akaiondoa mwenyewe, akisema imekuwa kilevi. Nayo ilikuwa ya kugusa tu.

KinyoziKondele

NyarNam, kwa hivyo 64 yangu imeingia kwenye ringi iliyopanuliwa? Sikulala vizuri.

Lakini hiyo ya nusu sekunde imenigusa mahali. Kazi yangu haina kuanza upya. Ukivuta mstari wa paji la uso ukapinda kidogo upande wa kulia, huwezi kuurudisha. Unaweza tu kuufuata, unapandisha na wa kushoto ulingane, na mtu anaondoka na paji kubwa kama la mzee wa kanisa. Litakaa hivyo wiki mbili. Utakutana nalo sokoni, utakutana nalo kwenye matanga. Wiki jana nilikosea shavu la bwana harusi, nikasema ni mtindo. Kwenye gemu nikikosa, lile kosa limeshafutika kabla sijalitazama. Nadhani ndiyo sababu naishika zaidi jioni, nikishafunga, kuliko mchana.

Kitu kimoja kinaniudhi: tangazo. Kila nikishindwa mara ya tatu linakuja, linapiga muziki, na kale kalama ka kulifunga ni kadogo kuliko punje ya mtama.

NyarNam

Zima bando ucheze. Nyingi za aina hii hazihitaji intaneti. Usiseme nimekwambia mimi, hayo matangazo ndiyo mshahara wetu.

MstaafuNamba8

Nimesoma yote haya na goti langu linauma. Mimi nilicheza huu mchezo chuoni Kakamega kwa miaka mitatu, wa jasho. Huo mnaoujadili ni kikapu bila mkimbio, bila beki, bila kiwiko cha mbavu.

Kinyozi, nenda Jumapili kwenye uwanja wowote wa shule wenye ringi, omba vijana mpira. Ringi iko juu mita 3.05. Simama kwenye mstari wa mtupo huru, mita 4.6 kutoka ubaoni. Tupa ishirini. Hakuna anayekuzuia, hakuna kamstari ka muda. Halafu njoo utuambie ni ngapi.

BodaMamboleo

Mzee, atavunja taa za watu.

KinyoziKondele

Nimerudi. Nilikwenda jana na yule mtoto wa jirani, nywele zake zimeanza kulingana.

Ishirini: zimeingia mbili. Tano hazikugusa chochote, hata ubao, vijana wakaziimbia. Ule mpira ni mzito, jamani! Na kila ukikosa unakwenda kuufuata mwenyewe mpaka kwenye ua wa jirani. Huko ndiko nusu sekunde yangu ilikoishia. Mara moja ulitua kwa mama anayeuza omena, akaukalia mpaka nikamwomba radhi.

Lakini ile ya kumi na saba, Mwalimu, niliirusha juu kabisa kama ulivyosema. Ikapanda, ikakaa kidogo huko, ikashuka katikati bila kugusa chuma. Neti ilikuwa nusu, imening'inia upande mmoja, na bado ilitoa ule mlio. Kwenye simu huo mlio wameuiga vibaya.

Leo mkono haupandi zaidi ya sikio, nimenyoa watu watatu tu, na wote nimewaambia wainame. Swali jipya: Kibuye siku ya soko kuna mtu anauza mipira ya mitumba, ya kikapu, isiyovuja? Na nisikubali zaidi ya bei gani?