Mrejesho: Nimezungumza na baba kuhusu michezo ya video

Mwezi uliopita niliomba ushauri wa namna ya kuzungumza na baba yangu, hapa Wete, ambaye huiona michezo ya video kuwa ni kupoteza umri na kumsahaulisha kijana sala. Mlinishauri nisibishane naye bali nimuulize anachokihofia, nami nikafanya hivyo baada ya sala ya isha, tukiwa wawili tu barazani. Kumbe alikuwa amesikia kwamba Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha ya maradhi, na hilo ni kweli, kwani orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Nikamweleza kwamba kinachotazamwa ni mtu kushindwa kujizuia hadi masomo na maisha yake yakaharibika, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza iwapo mchezo wangu una hesabu kama bao, ambalo yeye hulicheza kwa kete zake 64 na kulipenda mno. Nilimwonyesha. Kelele zake hazikumpendeza, lakini amekubali nicheze saa moja baada ya kudurusu, isipokuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nawashukuru kwa dhati, maana nilikuwa nimekwishakata tamaa.