Unga wa nano unashikana madonge kwenye filamu ya betri, naomba ushauri

Asalaam aleikum wakuu. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Mombasa, na mradi wangu ni elektroliti yabisi ya betri ya lithiamu, yaani filamu ngumu inayopitisha ioni (chembe zenye chaji) kati ya ncha mbili za betri, badala ya kimiminika. Natumia polima ya polietilini oksidi na chumvi ya lithiamu. Tatizo lake mnalijua: chini ya nyuzi 60 hivi sehemu kubwa ya polima huganda fuwele, na ioni hupita vizuri kule kusiko na fuwele tu. Ndiyo maana naongeza unga wa nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) wa dioksidi ya titani, fuwele zivurugike.

Kwenye chupa mchanganyiko unatoka mweupe laini kama tui. Nikiumwaga kwenye kioo ukauke, asubuhi nakuta madonge, utadhani ugali wa mtu asiyejua kusonga! Unga ukiwa asilimia 5 ya uzito ni afadhali. Kwa 10 filamu yapasuka nikiibandua.

Halafu unyevu. Hewa yetu ya pwani mnaijua, na chumvi hii inavuta maji vibaya sana. Sina kisanduku cha gesi ya agoni, cha kufanyia kazi bila unyevu. Jana ioni zilipita vizuri ajabu, nikafurahi, kisha nikashuku ni maji tu yamelainisha polima.

Je, unga niutie kwanza kwenye kiyeyushi, niutikise kwa mawimbi ya sauti, ndipo polima ifuate? Na niukaushe kwa joto gani? Mwalimu wangu asema niongeze unga tu, mimi sijashawishika. Mwenye oveni ya kukaushia bila hewa, hata ng'ambo ya Likoni, nitaifuata.