Naomba ushauri: striima au waya wa USB wa bei mbaya?

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kwa wazoefu wa muziki wa nyumbani.

CD zangu za taarab na dansi nimezihamishia kwenye diski kwa FLAC (faili za sauti zenye ubora uleule wa CD), biti 16 kwa 44.1 kHz. Napigia laptop yenye programu ya muziki foobar2000, USB inaingia kwenye DAC (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi), kisha amplifaya na spika mbili za rafu. Sauti safi, ila chaja ya laptop ikichomekwa tu, spika zinavuma. Ni mvumo mwembamba, unakera hasa pale ganuni inapobaki peke yake. Nikichomoa chaja, kimya.

Nimebadilisha soketi, waya wa USB, hata programu ya kupigia. Wapi! Muuza duka anasisitiza ninunue waya wa USB wa fedha, bei yake inakaribia ya amplifaya. Hapo naona napigwa, maana waya wowote wa USB unaunganisha ardhi ya umeme (earth) ya laptop na ya DAC, na nahisi mvumo unapita hapo, uwe wa fedha au shaba. Waya wa TOSLINK (wa sauti ya kidijitali) unapitisha mwanga tu, hauunganishi ardhi hizo.

Nafikiria striima (kifaa cha kupiga muziki kupitia mtandao) ya WiiM Pro, kwa kuwa ina tundu la TOSLINK. Programu ya muziki ya Roon nimeiweka kando, malipo ya kila mwezi siyawezi.

Je, nikiingia kwenye DAC kwa TOSLINK mvumo utaisha kweli? Na kwa diski yangu, WiiM ivute nyimbo kwa DLNA (njia ya vifaa kupeana muziki kwenye mtandao wa nyumbani) kupitia Wi-Fi, au bora kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Volumio (programu ya kuifanya striima), niiongezee kibao cha TOSLINK?

Natanguliza shukrani.