Sekondari moja hapa Arusha: mwalimu wa unasihi (wa kuwashauri na kuwasikiliza wanafunzi) ndiye huyo huyo wa fimbo, na siri ya mtoto imeishia mstarini

Wakuu salaam. Modereta, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za michango ya chakula, hili ni jambo lingine kabisa. Shule siitaji na mwalimu simtaji, kwa sababu mtoto bado ameandikishwa pale na watu wetu tunawajua. Wakinusa tu, kesho anaitwa ofisini kuulizwa nani kaandika.

Iko hivi. Dada yangu ana binti kidato cha tatu, sekondari ya serikali hapa hapa jijini. Tangu shule ya msingi hakuwa mtoto wa kusukumwa, hesabu kwake ni kama mchezo. Mwaka huu baada ya likizo ya Pasaka akaanza kuporomoka. Anachelewa, anasinzia darasani, madaftari hayaandikwi. Sisi wa nyumbani sababu tunaijua: shemeji anakunywa. Akirudi usiku lazima nyumba nzima iamke, na kuna siku dada na watoto wanakimbilia kwa jirani mpaka kupambazuke. Mtoto wa hivyo akifika darasani, fizikia itaingilia wapi?

Mwalimu wa unasihi akamwita. Mpaka hapo sina neno, maana kuna shule mtoto anaweza kufeli hadi kidato cha nne kikaisha hakuna aliyemuuliza una nini. Akamkalisha, akamwambia mimi ni kama mama yako, mficha uchi hazai, niambie kinachokusumbua. Mtoto akasema. Akasema yote, hata ambayo sisi ndugu zake hakuwahi kututamkia: kwamba kila jioni kabla baba hajarudi yeye anakusanya visu vya jikoni, anavifunga kwenye kanga na kuvilaza chini ya godoro lake. Mwalimu akaandika kwenye kijidaftari, akamwambia sawa, rudi darasani, jitahidi.

Jumatatu iliyofuata mwalimu huyo huyo ndiye wa zamu. Wachelewaji wamesimamishwa mbele, binti yetu yumo. Fimbo mkononi, shule nzima iko mstarini, akasema: "Wengine mkichelewa mnatuletea hadithi za baba zenu walevi, mara mnalala na visu. Kila mtu kwao ana matatizo!" Halafu akaanza kuchapa.

Hakutaja jina. Hili ndilo jibu nililopewa nilipokwenda: "Mzazi, mwalimu hakutaja jina." Sasa jina la nini wakati mwenye visu amesimama hapo mbele anatetemeka machozi yanamtoka? Kengele ya mapumziko haijalia, tayari anaitwa Mama Visu. Mpaka wa kidato cha kwanza wanamwita hivyo.

Sasa shule haendi. Asubuhi anavaa sare, anaaga, anapanda kifodi (daladala), anashukia Kilombero na kushinda sokoni mpaka muda wa kutoka. Tumejua kwa sababu kuna mama anauza nyanya pale ananifahamu, akanipigia kuniuliza mbona mtoto wenu siku hizi ananisaidia kupanga mafungu saa nne asubuhi.

Nikaenda shuleni. Ofisi ya unasihi yenyewe ni stoo ya michezo. Kuna mipira iliyotoboka, neti ya voliboli, meza moja, na mlango ambao kitasa kimeng'oka kwa hiyo unaegeshwa na tofali. Kwa muda niliokaa pale wameingia watoto kuleta madaftari ya kusahihishwa, akaingia mwalimu mwingine kutafuta chaki, akaingia mama wa chai. Kwenye kona zimesimama fimbo. Ukutani kuna karatasi imechapwa vizuri kabisa: Kamati ya Nidhamu, mwenyekiti fulani, chini yake Ushauri na Unasihi, mratibu fulani. Ni mtu mmoja! Wala hawajaona aibu kuyaweka kwenye karatasi moja.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na ningependa tujadili hapa hapa, msinipeleke kwenye ulevi wa shemeji. Huwezi asubuhi ukamchapa mtoto, mchana ukamwambia nifungulie moyo wako. Hata awe malaika, huyo mwalimu tayari ameshajua pa kumpiga. Watoto si wajinga. Niliwauliza wanafunzi wenzake pale getini, ukiwa na shida unamwendea nani? Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mama, ukienda kule unatoka na kesi."

Mimi ni muuguzi. Kwa umri wangu nakumbuka vizuri vituo vya Angaza vya kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari vilipoanza miaka ya 2000, shirika la afya la AMREF walivyovianzisha. Ulikuwa unaingia unapewa namba, jina lako halina kazi, mlango unafungwa, mnabaki wawili. Ndiyo maana watu walikwenda. Virusi vya UKIMWI wakati ule vilikuwa fedheha ya ukoo mzima, lakini watu walipanga foleni kwa sababu walijua neno halitatoka mle ndani. Kwa hiyo msiniambie Watanzania hatujui kutunza siri ya mtu, au kwamba ni mambo ya Ulaya. Tunajua. Tumeamua tu kwamba mtoto wa sekondari siri yake haina thamani.

Mkuu wa shule (nimkubali, aliniheshimu, alinipa kiti na muda) akanieleza kwamba mwalimu ana vipindi vingi, ana zamu, hana posho ya unasihi wala hajasomea, aliteuliwa tu kwenye kikao cha walimu. Namwamini kwa asilimia zote. Waraka wa wizara wa 2002 uliagiza huduma hii iwepo shuleni, lakini anayeifanya mpaka leo, kwenye shule nyingi za serikali, ni mwalimu wa somo aliyebebeshwa juu ya mzigo wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika saikolojia, watu wanahitimu, halafu wakipata ajira wanapewa chaki wakafundishe. Yote hayo ni kweli na yanauma. Ila kutokusomea unasihi kunahusiana vipi na kutangaza mstarini? Bibi yangu hakusoma hata darasa moja na alikufa na siri za nusu ya kijiji cha Poli.

Tena tuongee sheria kidogo, maana nilipoitaja ofisini nikaambiwa "mama, usitutishe."

Kanuni za viboko za 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe kwenye kitabu. Niliomba kuona kitabu. Kikaletwa baada ya kutafutwa sana, ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa muhula uliopita. Kwa hiyo kwa kitabu chao, Jumatatu ile hakuna mtoto aliyechapwa. Mshindwe.

La pili ndilo zito zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Mwalimu ameambiwa na mtoto kwamba nyumbani anaficha visu ili watu wasiuane. Ameambiwa kwa mdomo, ameandika kwa mkono wake. Halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kote huko hakupeleka. Alipeleka mstarini.

Eti kuna bango getini limeandikwa piga 116 bure, ile namba ya msaada kwa watoto. Sawa, namba ni nzuri na inafanya kazi. Ila shule hiyo hiyo mtoto akikutwa na simu inavunjwa mbele ya wenzake. Apige na nini, kifutio?

Na tusidhani shida ni ya wenye vilio vya nyumbani tu. Mtoto wa jirani yangu, chalii mmoja mtulivu sana, amemaliza kidato cha nne. Kujaza machaguo yake ya kidato cha tano na vyuo ilikuwa kazi ya mchana mmoja: mwalimu kaandika ubaoni, watoto wanakopi. Yeye kakopi ya jirani yake wa dawati. Tangu 2024 tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano) zimeongezwa hadi 65, na mtaala mpya ulioanza mwaka huo huo una mkondo wa amali (wa ufundi na stadi za kazi) na mkondo wa jumla, maana yake mtoto anachagua mapema kuliko sisi tulivyochagua. Nani anakaa naye kumweleza? Dogo amepata daraja la nne, sasa yuko kijiweni Mianzini anasubiri pikipiki ya mjomba. Na anapenda miti huyo, kwao kapanda miche mpaka uani hakuna pa kuanika nguo. Hakuwahi kuambiwa kwamba Olmotonyi, hapo juu tu ya Ngaramtoni, kuna Chuo cha Misitu, akaulizie sifa za cheti. Kuna Chuo cha Ufundi mjini kati, Tengeru kuna mifugo na kilimo cha bustani, Njiro kuna VETA ya hoteli na utalii, ukivuka Moshi kuna Mweka cha wanyamapori na Chuo Kikuu cha Ushirika. Mkoa umejaa vyuo na mtoto anajua udaktari, ualimu na bodaboda. Hiyo nayo ni kazi ya huyo mratibu aliyeandikwa ukutani.

Wasichana kwao unasihi ni hotuba moja: kaeni mbali na bodaboda. Wavulana hata hiyo hawapati. Mtoto wa kiume akila mirungi au akianza kubeti ada ya mtihani wa majaribio, anaitwa muhuni, anapewa barua, basi. Novemba 2021 wizara iliruhusu waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, warudi shuleni kwenye mfumo rasmi. Mimi kliniki nakutana na mabinti wa hivyo. Wanaorudi wakadumu ni wale waliopata mwalimu mmoja wa kuwasikiliza bila kuwaita "mama fulani" darasani. Mwalimu mmoja tu anatosha, nimeona.

NYONGEZA: Nimesoma michango yenu.

Aliyesema "zamani tulichapwa na tumekuwa watu": hongera mkuu, mimi nimezungumzia siri. Soma tena.

Aliyeuliza mbona sisi ndugu hatukuripoti: dada alishafika Dawati la Jinsia, shemeji aliitwa na akaandikishwa, na tangu hapo watoto wanalala kwangu Sakina siku za wikiendi. Visu hatukuvijua. Vilijulikana kwa mtu mmoja, mwenye kijidaftari.

Mwalimu wa Moshi aliyeandika kwamba kwao wanasihi ni wawili, wa kike na wa kiume, hawashiki zamu wala fimbo, na wanafunzi ndio waliowapendekeza kwa kura: ahsante sana mwalimu wangu. Bajeti haikuongezeka hata shilingi, wamegawana kazi tu. Nimeipiga picha hoja yako, nitaibeba kwenye kikao cha bodi. Na suala la mlango unaofungwa, nitanunua kitasa mwenyewe kama ndicho kinachowashinda.

Wanaonishauri nimhamishe: inawezekana tukafika huko, lakini uhamisho katikati ya muhula wa kidato cha tatu mnaujua ulivyo, na kwa nini aondoke yeye? Ninachotaka ni vitu viwili. Mwalimu atolewe kwenye unasihi, abaki na nidhamu yake kama anaipenda sana. Na kijidaftari kile kirudishwe, kisibaki kwenye stoo isiyo na kitasa.

Barua nimeshaiandika na nakala ya Ustawi wa Jamii ipo. Mwenye kuzijua ofisi za jiji vizuri anisaidie: nianzie kwa Afisa Elimu Kata, au niende moja kwa moja kwa Afisa Elimu Sekondari na nakala niipeleke kwa Wathibiti Ubora wa Shule (wakaguzi)? Wanaotaka kuniandikia "mwombee mtoto" wasijisumbue, kuombewa anaombewa kila siku.