Mnaoandika new ClassPathXmlApplicationContext ndani ya tegi ya JSP, mnatuua!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nahudumia mfumo wa stoo wa duka la jumla Kariakoo, wenye kurasa za JSP (HTML iliyochanganywa na Java). Sikuuandika mimi, nimeurithi kwa kampuni moja ya hapahapa Dar ambayo siitaji. Ukurasa wa bei wenye bidhaa 5 unafunguka fasta. Wenye bidhaa 20 unagoma, na ukishagoma duka zima limelala: Too many connections, yaani databesi imejaa miunganisho na haipokei mwingine. Keshia anafokewa na wateja wa mikoani wanaowahi basi, kisha simu inaita kwangu. Juzi imenikuta nimening'inia mlangoni mwa daladala ya Gongo la Mboto.

Jamaa walishatoa "suluhisho": zima Tomcat (seva inayoendesha mfumo), washa tena, kila asubuhi. Tulipolalamika wakaleta invoisi ya seva kubwa zaidi.

Usiku huohuo nikafungua msimbo. Kuna tegi (kipande cha msimbo kinachowekwa ndani ya ukurasa wa JSP) inaitwa <duka:bei>, inaendeshwa kwenye kila mstari wa jedwali. Fundi alitaka BeiService ya Spring (fremu ya Java inayoumba vipande vya programu na kuviunganisha) iingie humo, akabandika @Autowired (alama ya kuiomba Spring idunge kipande hicho), akala NullPointerException (kosa la kutumia kitu ambacho hakipo). Lazima aile! Tegi inaumbwa na Tomcat, Spring haina habari kama ipo, sasa itaidunga saa ngapi? Badala ya kujiuliza hilo, akaandika new ClassPathXmlApplicationContext, amri ya kuwasha Spring mpya, ndani ya doTag(), msimbo unaoendeshwa kila tegi inapotumika.

Pigeni hesabu basi. Kila mstari wa jedwali unajenga Spring nzima upya, na kila Spring inakuja na HikariCP yake (bwawa la miunganisho), ambayo usipogusa mipangilio yake inashika miunganisho 10 ya databesi. MySQL, yaani databesi yenyewe, isipoguswa mipangilio inaruhusu 151. Mfumo wenyewe umeshachukua 10 zake. Ukifika kama mstari wa 15 hakuna kilichobaki. Na close() (amri ya kuifunga Spring na kuachia miunganisho) hakuna popote, nimetafuta faili zima, kwa hiyo miunganisho inakaa imeshikiliwa mpaka Tomcat izimwe. Ndiyo maana dawa yao ya asubuhi "inafanya kazi".

Nimefuta ule upuuzi, @Autowired nikaiacha palepale, juu ya doTag() nikaweka hivi:

PageContext pc = (PageContext) getJspContext();
SpringBeanAutowiringSupport.processInjectionBasedOnServletContext(this, pc.getServletContext());

Basi. Tegi inachukua kwenye Spring ileile iliyokwisha kuwashwa na programu. Mistari miwili, wakuu! Mwaka mzima watu wanawasha na kuzima seva kama jenereta kwa ajili ya mistari miwili!

(Najua wajuaji mnakuja kusema JSP imepitwa na wakati. Sawa, karibuni Kariakoo muiandike upya kwa bajeti ya bosi wangu.)

Ukurasa wa bidhaa 60 sasa unafunguka kwenye seva ileile kuukuu. Invoisi ya seva kubwa bado iko mezani kwa bosi, na Jumatatu wao wanakuja kuifuatilia. Nimeomba nikae kwenye hicho kikao.