Tupeane uzoefu: Barabara ya Morogoro kituo kwa kituo, toka Posta mpaka Kibamba

Wakuu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Dar na Barabara ya Morogoro ndiyo njia yangu ya kila siku tangu nianze kazi. Habari za flaiova na njia nane zimeandikwa sana, lakini barabara hii kwetu ni vituo vyake. Mtu wa Kimara ukimwuliza anakaa wapi, hakutajii mtaa wala namba ya nyumba. Anakwambia, "Shuka Bucha, vuka, ulizia msikitini." Naomba kila mmoja aeleze kipande anachokijua kwa miguu yake, kilivyokuwa na kilivyo sasa, kabla hatujasahau.

Naanza na mjini. Barabara inatokea Sokoine Drive, inaikata Samora, inapita Kisutu, inakutana na Bibi Titi Mohamed pale chuo cha teknolojia, DIT, halafu Fire, ndipo inateremkia Jangwani. Mimi nilikuwa dukani maeneo ya Kisutu enzi za daladala. Jioni kupata gari la Kimara ilikuwa vita. Wenye nguvu wanaingilia dirishani, sisi wengine tunageuza nalo: unalipanda likiwa bado linaelekea mwisho wa njia, unalipa nauli ya kwenda na ya kurudi, ilimradi ukae kwenye kiti. Kuna kina mama niliwafahamu kwa sura tu kwa sababu ya kugeuza. Tulikuwa tunawekeana siti kwa mkoba. Mei 2016 mwendokasi ulipoanza, nauli shilingi 650 Kimara mpaka Kivukoni, mtandao wote ule wa watu ukatawanyika. Muda niliuokoa ni mwingi na sitamani kurudi kule, ila wale kina mama nawakumbuka. Karibuni.

Mkazi wa Mapipa
Mkuu, umefika Jangwani ukapita haraka, ngoja nikae hapo mimi. Kwetu Magomeni Mapipa mvua haisikilizwi redioni, inasikilizwa Jangwani. Tukiamka tukaona magari yamesimama kuanzia Usalama, tunajua mto Msimbazi umepanda juu ya barabara na polisi wamefunga. Tatizo la pale si maji peke yake, ni mchanga. Mto unatoka milima ya Pugu, unabeba mchanga na takataka za njia nzima, unavitua pale chini ya daraja kwa sababu bonde limelala. Nafasi ya maji kupita inapungua kila msimu. Wanachimba, unajaa tena. Nimewahi kusimama ukingoni siku ya jua kali nikaona mchanga umekaribia kabisa sakafu ya daraja, mtoto angeweza kutambaa tu.

Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo sitayasahau. Watu walikaa juu ya mabati usiku kucha, wengine wakapoteza ndugu, na baadaye familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Rafiki yangu wa utotoni alikwenda huko. Mpaka leo akija mjini anashuka Mapipa kwanza, ndipo anaendelea na safari.

Uzoefu wa kuwapa wengine: Jangwani ikifungwa usingoje ifunguliwe. Kata Kawawa, pita Kinondoni mpaka Morocco, ingia Ali Hassan Mwinyi, utokee mjini kwa Salenda. Utachelewa, ila utafika. Daraja refu na la juu ndilo dawa ya pale, na mimi nitafurahi kuliko mtu yeyote siku nitakayolivuka mto ukiwa umejaa.

Binti Manzese
Mimi ni wa Manzese Darajani. Mama alikuwa anauza mitumba, sisi watoto tulikatazwa kabisa kuvuka barabara kwa chini. "Panda daraja!" Ilikuwa sheria ya nyumba zote. Kutoka pale juu unaona magari upande wa Argentina na upande wa Tip Top, na kelele za wauza nguo zinapanda mpaka juu. Wanangu nao nimewapa sheria hiyohiyo.

Mtu wa Songea
Kwa sisi tuliotoka mikoani Dar ilikuwa inaanzia Ubungo. Nilishushwa stendi usiku, wapiga debe wawili wakalikamata begi langu, kila mmoja anavuta kwake. Akatokea mama muuza chai akawafokea, akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa kwenye benchi mpaka kuche." Nikakaa. Asubuhi akanielekeza gari la Shekilango bila kudai hata senti. Shikamoo mama, popote ulipo.

Mabasi sasa yanaishia Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli iliyofunguliwa Februari 2021. Mwezi huohuo ikafunguliwa na makutano ya ngazi tatu pale Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, yakapewa jina la Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki siku chache kabla. Foleni iliyokuwa inatulaza pale imepungua sana. Wengi bado tunapaita Mataa, jina la zamani, lakini kwa mgeni nawashauri mtaje majina yote mawili.

Mama wa Temboni
Nimesoma nikaona niandike na mimi, ingawa si rahisi. Sisi ni wale tuliobomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 toka katikati ya barabara. Mwaka 2017 tuliamka ukuta una alama ya X nyekundu. Nyumba tuliijenga kwa vikoba, chumba baada ya chumba, baba watoto akifyatua matofali mwenyewe. Tulitoa milango, madirisha na mabati kabla ya tingatinga kufika, ndivyo tulivyoweza kuanza upya huku ndani. Barabara ni nzuri, naipita, gari linatembea. Lakini kila nikipita Stop Over na Suka naona bado maduka yaliyokuwepo na wenyewe nawataja kimoyomoyo.

Mleta mada
Dada Temboni, pole sana, na ahsante kwa kuandika. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka lisipotee.

Dereva wa Kiluvya
Naongezea mwisho wa njia. Njia nane zinatoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19 na ushee. Sisi wenye magari tunashukuru, ila kwa mtembea kwa miguu kuvuka Kibamba jioni ni kazi: unavuka nusu, unasubiri katikati, unavuka nusu nyingine, na malori ya mikoani yanakuja kasi. Madereva wenzangu, ukiona mtu amesimama pale katikati na mtoto mgongoni, punguza mwendo na uwashe hazadi ili wa nyuma yako naye aelewe. Kama kuna mtu wa Gogoni au Kwa Yusuf humu, aje atueleze kwake kunavukwaje.